Mtoto Mwenye Msukosuko wa Moyo

Leo nataka kueleza habari za wanafunzi ambao twapenda kuwaita watukutu, kumbe wengine wana taabu moyoni isiyoonekana kwa macho.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Uganda. Mwaka jana nilikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye mara kwa mara aliruka ghafula, akapindua dawati, akatoka mbio. Niliandika jina lake katika kitabu cha adhabu hata ukurasa ukajaa. Walimu wakaanza kusema afukuzwe, nami sikuwapinga.

Siku zile nilikuwa nikisoma habari za sheria ya Marekani. Mwaka 1975 nchi ile iliamuru kwamba watoto wote wenye ulemavu wapewe elimu ya bure iwafaayo, na wenye msukosuko wa moyo wakahesabiwa miongoni mwao. Sheria haisemi ya kuwa kila mkorofi ana ulemavu. Yataka dalili ziwe za muda mrefu, ziwe kubwa, tena zimharibie masomo. Pengine mtoto hawezi kupatana na wenziwe wala walimu. Pengine huzuni haimwachi. Au tumbo humwuma na hofu humshika kwa ajili ya mambo ya shule. (Huyu wa tumbo twamjua sote, naye aghalabu huitwa mvivu!)

Mtoto kama huyo huandikiwa mpango wake mwenyewe, na wazazi huitwa kuutengeneza pamoja na walimu. Shule ikitaka kumwondoa kwa zaidi ya siku 10 za masomo kwa sababu ya kosa, hapana budi wakutane na wazazi waulizane: Je, kosa hili limetokana na ulemavu wake? Au limetokea kwa kuwa sisi hatukuufuata mpango? Swali hilo la pili lilinichoma.

Njia ya kuchunguza ni nyepesi. Piga mistari katika daftari upate safu tatu: katika ya kwanza andika lililotangulia, katika ya pili alilofanya mtoto, katika ya tatu lililofuata. Nilifanya hivyo majuma matatu. Karibu kila mara, kabla ya dawati kupinduliwa, mtu alikuwa amepita nyuma yake. Mara nyingi mtu huyo ni mimi, nikizunguka kutazama madaftari! Na lililofuata lilikuwa lile lile: alitolewa nje, akapata utulivu alioutaka.

Basi nikamhamisha akae nyuma kabisa, mgongo ukutani, karibu na mlango. Tukapatana kuwa akiona moyo unamwenda mbio aweke kalamu chini, nami nitamwacha atoke dakika 5 bila kumwuliza neno. Dawati halikupinduliwa tena ila mara moja, siku alipoingia mwalimu mgeni ambaye hakuambiwa. Kwa nini aliogopa mtu wa nyuma, mama yake alinieleza, wala si jambo la kuandikwa gazetini.

Mkutano wa kumfukuza ulipofika, nilikiacha kitabu cha adhabu, nikaenda na lile daftari la safu tatu. Tulibishana saa mbili. Sasa yuko kidato cha tatu, mgongo ukutani.