Bando la Mama

Barua iliyoifikia safu hii kutoka Nairobi ina kurasa nne, na kurasa tatu kati ya hizo, ambazo hazikuchapwa hapa, zinaeleza namna kampuni ya mtandao wa kijamii inavyoweza kuokolewa kwa kubadilisha rangi za programu, kuongeza video fupi na kumwondoa mkuu wa masoko. Mwandishi wake, mchambuzi wa takwimu mwenye miaka 34, ameitumikia kampuni hiyo kwa miaka 6. Kati ya wenzake 40 aliowakuta wamesalia 11, kazi za watu watatu zimemwangukia yeye kwa mshahara uleule, na hajui kama ajiuzulu sasa au asubiri kupunguzwa. Katikati ya maelezo hayo, ndani ya mabano, limemponyoka jambo moja: kwa miezi mitano sasa, kila Jumatatu humtumia mama yake mzazi, aliyeko Malindi, bando la intaneti ili aifungue programu hiyo kila jioni, na mama akishaifungua humwandikia mwanawe kwa WhatsApp, "Nimeshafungua, mwanangu."

Mabano hayo ndiyo barua yenyewe.

Swali la kujiuzulu halihitaji maneno mengi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa isiyopungua mwezi mmoja, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, jambo ambalo kwa msomaji huyu ni mshahara wa siku 90, ilhali anayeondoka kwa hiari huikosa fidia hiyo. Asubiri, basi, huku akitafuta kazi kwingine, na nakala za mkataba wake azihifadhi nyumbani, si katika kompyuta ya ofisi. Hisa za ahadi anazozitaja barua, yaani haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa tangu alipoajiriwa, hazina faida iwapo thamani ya hisa imeshuka chini ya bei hiyo, hivyo asizipangie ada ya shule.

Kuhusu mpango wa kurasa tatu, inatosha kukumbuka baraza, lile benchi la saruji mbele ya nyumba ambako watu hukutana jioni: hakuna anayelifuata kwa uzuri wa saruji, bali kila mmoja huja kwa sababu wenzake wapo, na mzee mmoja akihama mtaa wa pili huondoka na sababu ya wengine wawili kuja. Mtandao wa kijamii hukua kwa kanuni hiyo na hufa kwa kanuni hiyohiyo. MySpace ilinunuliwa na News Corporation mwaka 2005 kwa takriban dola milioni 580, ikauzwa mwaka 2011 kwa takriban dola milioni 35, na Januari ya mwaka huo iliwaachisha kazi watu wapatao 500, karibu nusu ya wafanyakazi wake, ambao wengi wao, bila shaka, nao walikuwa na mipango ya kurasa tatu.

Linalostahili kuulizwa ni kwa nini mtu anayejua hesabu hizi kuliko bosi wake ananunua mtumiaji mmoja kwa fedha za mfukoni mwake. Watumiaji hai wa kila siku, yaani idadi ya watu walioifungua huduma angalau mara moja katika siku, ni takwimu anayoiandaa yeye mwenyewe kila asubuhi, na anaona inavyopungua kwa maelfu. Hawezi kudai kwamba mama mmoja wa Malindi anazuia mporomoko huo. Bando hilo, kwa hiyo, halinunui takwimu. Linanunua ile sentensi ya jioni, ushahidi kwamba kazi aliyoipa miaka 6 bado inamfikia mtu mmoja anayemjali, na kwamba ushahidi huo unapitia WhatsApp ni jambo ambalo mchambuzi huyu angepaswa kuliona kabla ya safu hii.

Hapa ndipo anapostahili kukemewa. Utiifu wa mzazi kwa mwanawe si mali ya mwajiri, na anayeutumia kupamba grafu za ofisi, hata kwa nia njema, amemwajiri mama yake bila mshahara katika kampuni inayowaachisha kazi wenye mikataba. Kampuni za aina hii hupenda kujiita familia, lakini Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua Twitter, karibu wafanyakazi wote wa ofisi yake ya Accra waliachishwa kazi siku chache tu tangu ofisi hiyo ifunguliwe, na mwenye kusema "sisi" katika kila aya ya barua yake, kama msomaji huyu, ahesabu ni mara ngapi kampuni nayo imesema hivyo tangu wale 29 waondoke.

Anadai kwamba amemficha mama hali ya kazi ili asimtie wasiwasi. Amejidanganya. Hakuna mama anayeombwa kufungua programu kila jioni kwa miezi mitano akaamini kwamba biashara inakwenda vizuri. Mama amejua tangu Jumatatu ya kwanza, na ujumbe wake wa jioni, ukisomwa vyema, ni wa mzazi anayemshika mwanawe mkono bila kumwaibisha kwa maswali.

Afunge safari hadi Malindi, kwa kuwa habari hii haifai kupelekwa kwa simu, amweleze mama idadi ya waliobaki, na aifute programu hiyo kwa mkono wake mwenyewe katika simu ya mama. Bando la Jumatatu liendelee kutumwa kama kawaida, na mama alitumie apendavyo, iwe ni kuongea kwa video na ndugu walioko Muscat au kuliacha likaisha muda wake bila kuguswa.