Kichwa Kinachemka: Mafunzo Niliyopata kwa Vijana wa Misiera

Mimi ni kocha wa bure. Hapa Misiera, kijiji chetu ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tuna uwanja wa vumbi, na mimi nina filimbi. Vijana wanaonijia jioni ni wale ambao shule imewachoka, au wao wameichoka.

1. Hasira ina siku zake

Nilikuwa na beki wa miaka 15, hodari, lakini karibu kila wiki lazima apigane. Nilimwita mkorofi mpaka jina likamganda. Baadaye nikaanza kuandika daftarini: kapigana lini, na nani. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipangwa kwa makundi. Familia nyingine zikapata kidogo, nyingine zikakatwa kabisa. Ya beki huyo ilikatwa. Ngumi zake nyingi ziliangukia siku za mgao, siku ambazo alikuja uwanjani akipita kwenye harufu ya maharage ya majirani. Nikaanza kuwachemshia muhogo kabla ya mazoezi. Ugomvi haukuisha, ila ulipungua, nami nikaona haya kwa yale majina niliyompa.

2. Fimbo ilikuwa hasira yangu mimi

Sheria ya Uganda imekataza viboko shuleni tangu 2016. Nikajiambia uwanja si shule, nikamchapa yule beki mbele ya wenzake. Hakulia. Alikuwa anautazama mkono wangu, kama mtu anayejifunza kazi. Wiki ileile alimchapa mdogo wake, na fimbo alikuwa ameikata kwa urefu wa ile yangu.

3. Kidonda usichoweza kukifunga, usikifungue

Nakivale inapokea wakimbizi tangu 1958, na watafiti nao wamepita humu. Wale wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, pamoja na wenzao wa Mbarara, waliwafundisha wakimbizi wenyewe kazi ya ushauri. Matokeo yao ya 2008, kwa Wanyarwanda na Wasomali 277, yalionyesha kuwa waliokaa na washauri hao walipata nafuu. Katika ushauri huo watoto hutandaziwa kamba chini. Kamba ndiyo maisha yako: siku njema unaiwekea ua, siku mbaya jiwe, kisha unasimulia kwa mfuatano, kikao baada ya kikao.

Niliposikia hayo nikasema, kamba si ninayo? Nikafungua ya goli. Kijana wangu yuleyule akaweka ua moja, la bibi yake. Halafu jiwe, jiwe, na jingine. Alipofika umri wa miaka saba akashika jiwe mkononi, hakuliweka. Nikamsukuma kidogo: "Endelea, mwanangu." Akainuka, akaondoka nalo. Siku tisa hakuonekana. Nilikuwa nimechukua kamba ya wale washauri nikaacha mafunzo yao.

4. Mkalimani anaweza kuharibu

Aliporudi, mama yake aliniomba nimpeleke hospitali moja mjini Mbarara. Muuguzi alizungumza Kinyankole na Kiingereza. Kijana, Kiswahili chetu cha Kongo. "Kichwa kinachemka," akasema. Mimi na Kiingereza changu cha kuokota nikatafsiri kuwa ana homa. Muuguzi akachukua kipimajoto.

"Mwalimu, umemwambia nini?" kijana akaniuliza.

Nikaomba radhi, tukaanza upya. Safari hii nilimuuliza kwanza yeye kichwa kinachemkaje. Akasema usiku mawazo yanazunguka, usingizi hauji, na asubuhi mtu akimgusa tu bega mkono unaruka wenyewe. Dada yule akaweka kalamu chini, akasikiliza. Tumerudi mara nne, nauli tunachanga.

5. Akikwambia, mwamini

Mwezi uliopita, kabla ya mechi na vijana wa Base Camp, hukuhuku Nakivale, alinivuta pembeni.

"Mwalimu, leo usinipange. Tangu asubuhi kinachemka."

Wenzake wakamcheka. Nikampa gunia la mipira alilinde. Alilikalia mpaka filimbi ya mwisho, mikono katikati ya magoti. Tulifungwa 3-0, yote kupitia upande wake.