Toleo Jipya Likitua Mjini, Ulizia Lililotangulia

Maduka ya kompyuta ya Nairobi hayabandiki tangazo kwamba toleo la zamani limeshuka bei. Bei hushushwa kwa mdomo, kati yako na muuzaji, na anayeshushiwa ni yule anayejua ni kitu gani kimepitwa na wakati. Mkazi wa Makongeni ana bahati moja hapo: soko liko karibu. Matatu ya Barabara ya Jogoo inakufikisha Muthurwa, na ukitoka hapo Luthuli Avenue na Moi Avenue ni mwendo wa miguu. Waweza kwenda ukaulizia, ukarudi nyumbani mikono mitupu, ukaenda tena wiki ijayo. Muuzaji akishaona huna haraka, mazungumzo hubadilika.

Hatua ya kwanza: amua unaingia soko lipi

Kuna laptopu mpya za kwenye boksi, na kuna zilizokwishatumika, Ex-UK, jina ambalo mjini hupewa hata mashine iliyotoka Marekani. Haya ni masoko mawili yenye kalenda tofauti. Za boksi hushuka pale toleo jipya linapofika na mwenye duka bado ana za zamani rafuni. Ex-UK nyingi ni mashine za ofisi za ng'ambo, ambazo hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Kwa hiyo toleo lililozinduliwa mwezi uliopita haligusi bei ya Ex-UK leo. Kinachoigusa ni wimbi la ofisi kutupa mashine zake.

Hatua ya pili: jifunze kusoma nambari ya prosesa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi tukae kidogo. Kwenye i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha nane, kilichotoka 2017. Ndugu yake wa kizazi cha saba, i5-7200U, ana viini viwili. Huyu wa nane ana vinne. Tena Windows 11, iliyotoka 2021, inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache mno za kabla yake. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zikalazimika kuachana na mashine zilizobaki nyuma ya kizazi cha nane, na nyingi bado ni nzima kabisa.

Chukua HP EliteBook 840, ambayo utaikuta karibu kila duka. G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 kwa kawaida cha nane. Nasema kwa kawaida, kwa sababu kuna G5 zilizotengenezwa na prosesa ya kizazi cha saba. Usinunue jina la kwenye kifuniko. Washa mashine, fungua mipangilio, soma prosesa yenyewe. Ukiiona Windows 11 kwenye kizazi cha sita, jua imeingizwa kwa ujanja, na muuzaji hastahili kuitoza kama faida.

Kama kazi yako ni kuandika, barua pepe na masomo ya mtandaoni, kizazi cha saba chenye Linux kitakutosha miaka kadhaa, na hapo ndipo punguzo nono lilipo. Binafsi ningeipendelea mashine hiyo kuliko laptopu mpya ya bei ya chini yenye Celeron na RAM ya GB 4, inayong'aa boksini na kukwama ukifungua kurasa tano.

Hatua ya tatu: pima wakati

Kwa za boksi, fuata uzinduzi. MacBook Air ya M4 ilipotoka Machi 2025 ilianzia dola 999 Marekani, wakati ya M3 mwaka mmoja kabla ilianzia 1,099. Mwenye M3 rafuni hana tena sababu ya kushikilia bei ya zamani. Lakini Nairobi kuna dola pia. Januari 2024 ilikaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Aliyeagiza mzigo wakati dola iko juu atagoma kushuka, na jirani yake aliyeagiza baadaye atashuka bila ugomvi. Ndiyo maana unauliza maduka matatu au manne kabla ya kutoa hata shilingi.

Hatua ya nne: omba punguzo kwa hoja

Kijana atakayekudaka nje ya jengo akuelekeze dukani ni broka. Malipo yake yataongezwa kwenye bei yako. Mshukuru, upite. Ndani, usiseme tu "punguza." Sema: "Boss, hii ni kizazi cha saba, Windows 11 haiitambui. Nipe bei yake, usinipe bei ya G5. Ya mwisho ngapi?" Akikataa, ulizia ile yenye mkwaruzo kifunikoni.

Atajaribu kukutuliza kwa begi na kipanya. Hivyo havimgharimu sana. Zamani ungemwambia akuongezee RAM badala yake, lakini bei ya RAM ilipanda duniani kote mwishoni mwa 2025, basi ni afadhali kutafuta mashine ambayo tayari ina GB 16.

Hatua ya tano: ikague kabla ya kulipa

Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotajwa. Linganisha ujazo wa betri ilipokuwa mpya na ujazo wa sasa. Ikiwa imebaki nusu, hiyo ni hoja nyingine ya bei. Kwenye HP, bonyeza F10 inapowaka: ikidai nywila ya kampuni usiyoijua, iache. MacBook inayoonyesha akaunti ya mtu mwingine, iache pia, hata ikiwa bei inatamanisha. Jaribu kila kitufe na kila tundu.

Hatua ya sita: lipa na uondoke

Lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la duka. Risiti iandikwe nambari ya mashine na muda wa waranti. Kama ilikuja na boksi, likunje uliweke begini pamoja nayo; Muthurwa jioni si mahali pa kutembeza picha ya laptopu. Ukifika nyumbani iwashe, uiache icheze video saa mbili mfululizo. Joto na kuzimika ghafla havionekani katika dakika kumi za dukani, na kurudi Luthuli kesho yake ukiwa na risiti ni rahisi kuliko kurudi mwezi ujao.