Usaha Ndani ya Mfupa

Tunduma, ambako malori hupangana usiku na mchana yakingoja kuvuka mpaka kwenda Nakonde na bodaboda hujipenyeza katikati yake, si ajabu kusikia habari ya mtu aliyevunjika mguu hata mfupa ukachomoza nje ya ngozi. Na mfupa uliokwisha gusa vumbi la barabara ni rahisi kuingiwa na vijidudu. Lakini kwa watoto maradhi haya ya usaha ndani ya mfupa aghalabu huja kwa siri.

Vijidudu waitwao stafilokokasi, ambao huishi puani na juu ya ngozi ya watu wazima wa afya, hupenya kwa jipu au mkwaruzo, wakachukuliwa na damu, wakatua karibu na ncha za mifupa mirefu, hasa jirani na goti. Mtoto aliyecheza jana huamka na homa, hataki kukanyaga, na akibonyezwa mahali pamoja tu pa muundi hupiga ukelele. Bibi, kwa huruma yake, humkanda na kumchua akidhani ameteguka, na hapo ndipo siku za thamani hupotea. Mwenye siko seli yumo hatarini zaidi, tena maumivu yake ya kawaida hufanana mno na haya. Na kwa mwenye kisukari maradhi aghalabu huanzia kwenye kidonda cha unyayo.

Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe kwa tabibu siku ile ile, wala dawa za kuua vijidudu za dukani zisitangulie, kwa kuwa huficha vijidudu wasionekane damu au usaha utakapooteshwa maabara. Tena eksirei ya siku za mwanzo isiwatulize wazazi: mfupa hauonyeshi dalili mpaka zipite kama siku 10 hadi 14.

Tiba huanza kwa sindano za mshipa, kisha vidonge, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na usaha uliokusanyika hutolewa kwa upasuaji. Ukiachwa, hukata njia ya damu, kipande cha mfupa kikafa, na dawa isikifikie tena. Ndipo hutokea lile tundu la usaha lifungalo na kufunguka miaka nenda rudi, ambalo majirani husema ni kurogwa, kumbe lataka kisu cha daktari kiondoe mfupa mfu.

Atokaye mbali, Ileje au Momba, na aulize kabla ya kuruhusiwa kama dawa zilizosalia zitapatikana zahanati ya kwao, na karatasi ya maelezo aichukue mkononi.