SOMO: WIMBO KANDO YA KITANDA

Soma: 1 Samweli 16:14-23

Ndugu msomaji, kansere hushika mwili, lakini haikomi mwilini. Mgonjwa anaogopa. Usiku hapati usingizi. Anawaza watoto wake, anawaza deni la dawa. Na uchungu wa moyo unaongeza uchungu wa mwili. Basi leo tujifunze msaada mmoja usio na bei, nao ni wimbo.

Sikia jambo lililonipata mimi mwenyewe. Katika chumba cha wanawake alilala mama mmoja mwenye kansere ya titi. Aligeuza uso wake ukutani, akakataa chakula. Nikaita wanakwaya. Walikuja watu kumi na wawili pamoja na ngoma, wakaimba kwa nguvu wimbo tunaouimba njiani kwenda makaburini. Mama akalia, akaniuliza, “Baba, mmekuja kunizika?” Nikaona haya sana. Nilileta wimbo nilioupenda mimi, yeye sikumwuliza.

Kesho yake niliketi karibu naye, nikasema, “Mama, wewe unapenda wimbo gani?” Akanyamaza. Kisha akautaja wimbo ambao mama yake aliuimba walipotwanga sombe. Akauanza kwa sauti ndogo, na dada yake akaitikia. Siku ile alikula kidogo. Jioni akanifunulia hofu aliyoificha muda wote: nani atawalea watoto wake? Tukaita jamaa, tukalizungumza neno hilo mpaka likapata jibu. Kansere haikuondoka, lakini mama hakuibeba tena peke yake.

Umeona katika somo letu? Mfalme Sauli mwenyewe ndiye aliyeagiza aletwe mpiga kinubi. Daudi hakuja na kelele asizotakiwa.

Waganga nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2021 watafiti walikusanya matokeo ya majaribio 81, yaliyokuwa na watu 5,576 wenye kansere. Waliona ya kuwa kwa watu wazima muziki unaweza kupunguza hofu, huzuni, uchungu na uchovu. Huko Marekani wako watu wanaosomea kazi hii. Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kuifundisha mwaka 1944. Wewe hukuisomea, lakini unaweza kuimba kwa upole.

Lakini ujue sana: wimbo hauponyi kansere. Mtu akikuambia uache dawa au ukatae kupasuliwa kwa kuwa unaimbiwa, usimsikilize. Wimbo unatembea pamoja na dawa. Haushiki nafasi yake.

Basi, ukienda kumtazama mgonjwa, shika haya:

1. Uchungu ukiwa mkali, mwite mwuguzi kwanza. Dawa ya uchungu itangulie, wimbo ufuate.
2. Mwulize mgonjwa anataka wimbo gani, au kama anataka kimya. Kimya pia ni haki yake.
3. Imbeni watu wawili au watatu, polepole. Likembe au gitaa yafaa. Ngoma ibaki nje.
4. Waombe ruhusa wagonjwa wa vitanda vya karibu.
5. Utazame uso wake. Akikunja uso au akichoka, nyamaza.
6. Akilia, usimkemee wala usikimbie. Keti naye. Pengine sasa yuko tayari kusema.
7. Akikuambia neno zito, kama kwamba hataki kuishi tena, usilifiche. Mwambie mwuguzi au mganga siku ile ile.

Na wewe mgonjwa unayesoma haya kitandani, usingoje kuulizwa. Mwambie ndugu yako wimbo unaoupenda. Sauti yako ikiwa imekwisha, yeye aimbe, wewe usikilize.

MASWALI

1. Kwa nini mama yule alilia kwaya ilipoimba?
2. Kitu gani kinatangulia wimbo, uchungu ukiwa mkali?
3. Je, wimbo unaweza kushika nafasi ya dawa?
4. Juma hili utakwenda kumwuliza mgonjwa gani, “Unapenda wimbo gani?”