SAFRANBOLU, MJI WA ZAAFARANI

Wapishi wa pwani wanaijua sana zaafarani, zile nyuzi nyekundu ziupazo wali wa karamu rangi ya manjano na harufu nzuri. Leo tutajifunza habari za mji mdogo wa Uturuki ulioitwa kwa jina la kiungo hicho.

Nchi yake

Safranbolu uko kaskazini ya Uturuki, yapata maili 125 kutoka Ankara, katika vilima vilivyo upande wa Bahari Nyeusi. Zamani wenyeji wengi walikuwa na nyumba mbili. Wakati wa baridi walikaa Çarşı, bondeni, mahali palipokingwa na upepo. Wakati wa joto walihamia Bağlar, juu, penye mashamba ya mizabibu. Nyumba zao zilijengwa kwa mawe chini, na kwa mbao na matofali ya udongo juu, nazo huezekwa kwa vigae.

Historia yake

Tangu karne ya 13 misafara ya biashara baina ya mashariki na magharibi ilipita hapa. Katika karne ya 17 mji ulistawi sana, ikajengwa Cinci Han, nyumba kubwa ya mawe ya kulaza wasafiri na wanyama wao. Watengeneza ngozi, washona viatu, watengeneza matandiko ya farasi na wahunzi, kila kundi lilikuwa na mtaa wake.

Kisha ikaja reli, na misafara ikakoma. Mwaka 1937 ulianza ujenzi wa kiwanda kikubwa cha chuma huko Karabük, maili chache tu kutoka hapo. Vijana wakafuata mshahara, na karakana nyingi zikafungwa. Lakini jambo hilo lilikuwa na faida iliyofichika: kwa kuwa watu walijenga nyumba mpya kwingine, zile za kale hazikubomolewa. Katika miaka ya 1970 wakuu wa mji walianza kuzilinda, na mwaka 1994 UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mapato yake

Siku hizi wageni huleta fedha nyingi, na Cinci Han imekuwa hoteli. Zaafarani nayo ilikaribia kutoweka. Mmea huu hauzai mbegu. Hupandwa kwa vitunguu vyake, hata wakulima wakiacha kuvitunza, mmea nao hupotea. Maua huchumwa alfajiri wakati wa kupukutika majani, na kila ua hutoa nyuzi tatu tu. Yahitajiwa maua kama 150 kupata gramu moja! Kwa bahati njema, wakulima wachache walihifadhi vitunguu hivyo, na kilimo kikafufuliwa.

Basi mji huu ulipoteza biashara yake ya kwanza, ukapata nyingine katika vitu ambavyo wazee wake hawakuvitupa.