"Positive": Jema, Hakika au Limeonekana?

Neno la Kiingereza "positive" lina asili katika kitenzi cha Kilatini "ponere", yaani kuweka, nalo lilipitia Kifaransa. Hapo kale lilihusu jambo lililowekwa rasmi, kama sheria. Baadaye likamaanisha jambo la hakika na, katika hesabu, namba iliyozidi sifuri. Maana ya jambo jema, lenye kutia moyo, ni changa zaidi, lakini ndiyo iliyoenea mitaani, na "chanya" ya Kiswahili imeibeba pia.

Maabara hailitumii neno hilo hivyo. Humo humaanisha kwamba kilichotafutwa kimeonekana: vimelea vya malaria, virusi vya UKIMWI, hata homoni ya ujauzito. Mgonjwa anayeambiwa kuwa makohozi yake ni "chanya" aweza kurudi nyumbani akishukuru, ilhali anahitaji dawa bila kuchelewa. Heri aambiwe waziwazi: "Vimelea vya kifua kikuu vimeonekana katika makohozi yako."

Hofu nayo huja bure. Anayesoma "O positive" kwenye kadi yake ya damu hudhani ameambukizwa, kumbe maandishi hayo hutaja kundi la damu tu: chembe zake nyekundu zina protini iitwayo Rhesus D, aliyozaliwa nayo.